Gurudumu la Mbele la Kushoto

Pale uwanjani watu walikuwa wakimaliza mikanda kama wanavyomaliza vocha za simu. Kila mwisho wa wiki utamkuta mmoja amefungua tumbo la gari lake la rimoti, analaani, anachomoa mkanda uliobaki kipara, na mwenzake pembeni anamzomea kwamba ameendesha kama mwizi aliyeona polisi. Mkanda wenyewe ni kitu kidogo tu, utepe mweusi wa mpira wenye meno kwa ndani, upana wake haufiki hata kidole. Lakini ndio unaochukua nguvu za mota na kuzipeleka kwenye magurudumu. Ukikatika, mota hubaki inalia peke yake na gari husimama palepale, hata kama ulikuwa unaongoza.

Nesi peke yake ndiye aliyekuwa hakati. Mkanda wake mmoja ulimaliza msimu mzima, ukaingia wa pili, na ukiinama kuutazama, meno yote bado yalikuwa yamesimama. Kinyozi, aliyekuwa mpinzani wake mkubwa na rafiki yake vilevile, hakuisha kumchokoza.

"Sema kweli, Nesi. Unaupiga sindano?"

"Naupa usingizi. Wewe unaukamua wako siku nzima, halafu unaufungia kwenye begi ukiwa bado umekazwa. Hata wewe ungekatika."

Watu walicheka, lakini Nesi hakuwa anatania. Kila baada ya mbio alikaa na gari lake kama anavyokaa na mgonjwa wodini, akausugua mkanda kwa mswaki laini mkavu, akapuliza vumbi kutoka kwenye kila kona. Mafuta hakutia hata tone, na aliyemwona anatia alimgombeza, kwa sababu mafuta hukusanya mchanga, na mchanga ndio unaotafuna meno. Alipitisha ukucha kwenye puli, kile kigurudumu kinachozungusha mkanda, kutafuta mikwaruzo. Alikata chupa ya plastiki akatengeneza kifuniko cha kuzuia vijiwe visirukie ndani. Akiuvua mkanda aliuwekea nukta nyeupe, ili siku ya kuurudisha uzunguke upande uleule uliouzoea. Kisha lile ambalo wenzake waliliona wazimu mtupu: akishamaliza yote hayo, alilegeza skrubu na kuuacha mkanda ulegee. Siku ya mbio ndipo aliukaza tena, akaubonyeza kwa kidole kuhakikisha haukukakamaa wala haukulegea.

Sasa kulegeza kuna hatari yake. Ukisahau kukaza, mkanda unaruka juu ya puli na meno yananyolewa yote kabla hujafika kona ya kwanza. Nesi alijijua kwamba ni mtu wa zamu, leo usiku kesho asubuhi, kichwa kimejaa dawa za watu. Akajitungia alama. Kila alipolegeza mkanda, alivua gurudumu la mbele la kushoto akaliweka kando ya gari. Gari la magurudumu matatu haliendi popote, huwezi kulisahau hata ukiwa na usingizi. Na gurudumu likiwa mahali pake, basi mkanda umekazwa, hakuna haja ya kufungua tena. Alama hiyo aliijua yeye peke yake. Haikuwa siri. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona sababu ya kueleza.

Nyumbani Nesi aliishi na baba yake.

Mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka macho yalipomgomea, sindano ikawa anaipapasa badala ya kuiona. Mama alikwisha kufariki. Mzee akafunga kibanda chake akakaa peke yake kwenye chumba cha kupanga, anakula mkate na chai asubuhi na jioni, na kila binti yake alipomwomba ahamie kwake alikuwa na jibu moja. "Nitakuja kuwa mzigo, mama. Niache nijikongoje hapahapa." Nesi alimfuata, akarudi, akamfuata tena. Siku aliyokubali ni siku aliyoambiwa hivi: "Baba, kule si kwangu, ni kwetu. Hutaniomba ruhusa ya kitu chochote. Ukitaka kubomoa ukuta, bomoa."

Hakubomoa ukuta. Wiki za mwanzo alikaa kwenye ukingo wa kiti, begi lake halijafunguliwa, anakula nusu sahani na kusema ameshiba. Ilimchukua muda mrefu kulainika. Kwanza alishona upindo wa pazia kwa kupapasa. Kisha akahamisha meza ya jikoni kulifuata dirisha, bila kumwambia mtu. Hatimaye, jioni moja, akamgombeza binti yake kwa sababu ya taa iliyoachwa inawaka chooni, "kana kwamba umeme tunaokota." Nesi aliingia chumbani akafunga mlango akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mgeni hagombezi kwa sababu ya taa. Vikombe vya ushindi alikuwa navyo juu ya kabati, lakini hakuna hata kimoja alichokitaka kama alivyotaka jambo hilo: baba yake azeeke, na Mungu akipenda afie, katika nyumba ambayo mwenyewe anaiita kwake.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulijulikana na kila mtu aliyewahi kushonewa naye. Hakuweza kuvumilia kitu kilichoachwa nusu. Kifungo kinachoning'inia kilimnyima raha. Mlango wa kabati ukiachwa wazi kidogo, atainuka kwenye kiti, kwa magoti yale yale mabovu, akaufunge. Ukimwachia kikombe bila kisosi, atakitafutia kisosi.

Kuhusu magari alikuwa amesema neno moja tu, mwanzoni kabisa, alipomwona binti yake sakafuni na bisibisi mdomoni. "Mtu mzima na vigari." Nesi alicheka, lakini neno lilimkaa. Tangu hapo hakumweleza lolote. Alikuwa akisugua mkanda wake kwenye meza ya jikoni, mzee amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anatazama mikono ya mwanawe, haondoki wala hasemi. Nesi akadhani ananuna.

Siku ya fainali ilimkuta Nesi kazini. Alikuwa amepanga kutoka mapema, apite nyumbani achukue gari kwa raha zake, lakini mwenzake wa kumpokea zamu alichelewa, na mgonjwa mmoja alibadilika ghafla, na mambo yakawa yale ya kukimbia na dripu mkononi. Alipopata nafasi ya kushika simu, mbio zilikuwa karibu kuanza. Akampigia baba yake.

"Baba, nisaidie. Kwenye meza ya jikoni kuna gari langu na mkoba wake. Niletee uwanjani, pale karakana ya zamani ya mabasi. Tutakutana hapohapo."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Tafadhali, baba."

"Nakuja," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao Nesi, kwa haraka aliyokuwa nayo, hakuusikia.

Alimkuta ameshafika. Alikuwa amevaa suruali yake ya kitambaa na shati la mikono mirefu, nguo za kuendea harusini, amekaa kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani. Jirani zake wa benchi walikwisha kuambiwa kila kitu. "Huyo anayekuja ndiye. Mwanangu huyo, wa kwanza kuzaliwa." Nesi alichukua mkoba, akatoa gari, akatia betri, huku mtangazaji anaita madereva jukwaani. Macho yake yalipita kwenye magurudumu. Manne, yote mahali pake. Kuna kitu kilimgusa moyoni, kama mtu anayetoka nyumbani na kujiuliza kama amezima jiko. Hakukumbuka kukaza mkanda. Lakini hata jiko mtu hulizima bila kukumbuka, na gurudumu lilikuwepo, na gurudumu halikuwahi kumdanganya. Kuonja mkanda kwa kidole kungetaka kufungua ganda la juu. Hakufungua.

Taa ikawaka, magari yakatoka. La Nesi lilitoka nalo hatua chache, kisha likatoa mlio ambao kila mtu pale aliujua, krrrr ya meno yanayoparuza puli, na likasimama. Mota ikalia peke yake. Magari mengine yakalipita huku na huku. Kinyozi akaenda zake akashinda.

Nesi alishuka jukwaani na gari mkononi, akalifungua palepale chini, mbele ya watu. Mkanda ulikuwa mwepesi kama utepe wa zawadi, hauna jino hata moja upande mzima. Skrubu ilikuwa imelegea vilevile alivyoilegeza yeye baada ya mbio zilizopita. Ule mkanda wa misimu miwili, uliosuguliwa na kulazwa na kuamshwa, ulikufa kwa sekunde. Alikuwa bado ameushika wakati kivuli cha baba yake kilipomfikia. Mzee aliona gari limeharibika, lakini hakujua kwa nini, na alitaka kusaidia.

"Pole, mama. Labda lile gurudumu sikulikaza vizuri? Nilikuta umelisahau mezani, nikalirudisha. Nilijua una haraka."

Nesi aliinuka. Alikuwa hajalala, hajala, mikono imemkauka kwa dawa ya kunawia, na fainali aliyoingoja mwaka mzima imekwisha kabla haijaanza. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililomtetea baadaye alipojihukumu.

"Nani alikutuma?" alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mabenchi ya nyuma. "Nilikwambia ulete, sikukwambia uguse! Wewe ni mgeni kwangu, baba. Mgeni anakaa, hashikishiki vitu vya watu!"

Watu wakakwepesha macho. Hata wale jirani wa benchi waliokuwa wamejulishwa kwa fahari walipata kitu cha kutazama upande mwingine.  Mzee akajifuta mikono kwenye suruali yake safi, mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Samahani," alisema. "Sikujua."

Akageuka akatembea taratibu kuelekea getini. Kinyozi, aliyekuja kumpa Nesi mkono, aliurudisha mkono mfukoni.

"Nesi. Angejuaje?"

"Kila mtu anajua huwezi kugusa gari la mtu."

"Hapana, sikiliza. Hilo gurudumu alilolirudisha. Kama lina maana kwako, ulimwambia?"

 Nesi alitafuta siku moja, jioni moja mezani, ambapo alimwambia. Akatafuta hata mtu mwingine yeyote aliyewahi kumwambia. Hakupata.

Jioni hiyohiyo alipiga magoti mbele ya baba yake na kuomba msamaha, akilia kama mtoto wa chekechea. Mzee alimwinua. "Yameisha, mama. Ulichoka. Nenda ukale, ulale." Na yalikuwa yameisha kweli, hakuwa na kinyongo hata chembe. Alimsamehe kabisa. Tatizo ni kwamba lile neno, mgeni, alikuwa pia ameliamini.

Asubuhi iliyofuata Nesi alikuta kitanda cha baba yake kimetandikwa kama cha hotelini, shuka zimekunjwa pembe kwa pembe. Begi lilikuwa limetoka kabatini, limesimama ukutani na zipu imefungwa. Mezani mzee alikula chakula chake chote, akasema asante, akasema chakula kilikuwa kizuri sana. Alipotaka maji alisema, "Naomba maji, kama hutajali." Taa ya chooni ilikesha inawaka na hakuna aliyegombezwa. Mlango wa kabati la vyombo ulibaki wazi kutwa nzima, na Nesi alimwona mzee amekaa anautazama, mikono yake miwili ameibana katikati ya magoti.

Alijaribu kila njia. Alichana mfuko wa sare yake kwa makusudi akaitupia kwenye kochi, sindano na uzi juu yake. Mzee akaipita. Akamwomba waziwazi, "Baba, nishonee." Alishona saa ileile, kwa kupapasa, mishono midogo na iliyonyooka, akaikunja, akamletea kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuniamini," alisema, na Nesi alitamani apigwe kofi badala yake.

Siku nyingine alilileta gari mezani, akamketisha baba yake, akamweleza habari yote ambayo angemweleza zamani: mswaki, mchanga, nukta nyeupe, usingizi wa mkanda. Mzee alisikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, bila kunyoosha hata kidole.

"Kumbe," alisema mwishoni. "Cherehani langu la miguu nalo lilikuwa na mkanda, wa ngozi. Kila jioni nikifunga kibanda nauvua kwenye gurudumu, ulale. Wenzangu wananicheka. Nilikuwa nakutazama pale mlangoni, nikasema huyu mtoto nani kamfundisha? Nilitaka kukuuliza."

"Sasa mbona hukuniuliza, baba?"

"Nilisema kigari ni kitu cha mtoto, nikaona umenuna. Nikaogopa nikiuliza utadhani nakukebehi." Akatabasamu kidogo. "Ndiyo maana siku ile uliponiambia nilete nilifurahi."

Nesi aliweka mswaki chini. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba ule ujanja wa kulegeza aliubuni mwenyewe. Sasa alijiona ni mtoto mdogo chini ya meza ya cherehani, anachezea vipande vya vitambaa, na mikono ya baba yake juu inatoa mkanda kwa upole kwenye gurudumu. Wangeweza kuzungumza jambo hilo jikoni kwa miaka miwili, yeye na huyu mzee na vikombe vyao vya chai.

"Baba, nisikilize. Lile neno nililosema uwanjani halikuwa kweli. Hapa ni kwako."

"Najua, mama. Unanitunza vizuri sana. Sina la kulalamika." Alisema hivyo kwa wema kabisa, na Nesi akaona neno lake limegonga mahali na kudondoka.

Kisha ikaanza ile ya mlangoni. Mzee akitoka, hata kama ni kwenda dukani kununua kiberiti, akirudi alisimama nje na kubisha. "Hodi." Mwanzoni Nesi alifikiri ni utani, akatoka akicheka. Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama kibarazani, kofia mkononi, anangoja aambiwe. Nesi akaapa kwamba hatamkaribisha mtu kwenye nyumba yake mwenyewe. Akawa anakimbilia mlango kabla hodi haijatoka, anamshika mkono, anamvuta ndani akimpigia porojo za kazini, ili mradi lile neno lisipate nafasi. Siku nyingine alifanikiwa. Akauacha mlango wazi kutwa, mpaka majirani wakamwonya kuhusu wezi.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ilianza mchana, mvua ya upepo, ya kulala ubavu, na Nesi alirudi kazini viatu vimejaa maji. Kutoka barabarani aliona mtu amejibanza ukutani pa nyumba yake, chini ya kipande kile kifupi cha bati ambacho hakizuii kitu. Alikuwa baba yake. Shati lilikuwa limemganda mwilini, na mfuko wa mkate ameufutika kifuani usilowe.

"Baba! Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Si muda. Nilipiga hodi, nikaona hakuna mtu."

"Lakini ufunguo si unao?"

Mzee alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akamwonyesha kwenye kiganja, kwa haraka, kama mtu anayetaka ionekane kwamba hajaupoteza.

"Ninao," alisema. "Lakini wenyewe hamkuwepo."

Nesi alifungua mlango. Akaingia, akawasha taa, akageuka na taulo tayari mkononi. Baba yake alikuwa bado nje ya kizingiti. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nyusi. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, lakini alijinyoosha, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

Nesi alimtazama. Asiposema, mzee atabaki kwenye mvua. Akisema, basi ni yeye tena, kwa kinywa chake, anayemwambia baba yake kwamba hapa si kwake. Alisimama na lile taulo, akitafuta neno jingine lolote katika lugha yote anayoijua, na upepo ukazidi kumpiga mzee mgongoni.

"Karibu, baba," alisema.

"Asante," alisema mzee, akafuta viatu vyake vizuri, akaingia.